Mwili wa Zélie

"Faranga elfu tatu, Bwana Anselme. Picha yako hiyo hapo. Mimi nataka fedha zangu."

Anselme Quervaux, mchoraji, alimcheka mgeni wake, Bwana Mollard, usoni. Alimwambia kwamba picha iliyopewa nishani kwenye maonyesho makubwa ya Paris hairudishwi kama samaki aliyeoza, na kama mwenye kiwanda cha sukari amefilisika aseme tu, asiisingizie picha. Ujeuri wote huo ulikuwa kwa sababu fedha zenyewe alikwisha kuzila.

Bwana Mollard hakukasirika, na hilo ndilo lililomtia Anselme wasiwasi. Mzee alitazama nyuma yake, akasogea karibu, akanong'ona.

"Chumba changu cha kulia kinanuka tope la bwawa. Mke wangu hali tena mle. Na huo mkono, bwana, ulikuwa wapi siku niliyoinunua?"

Picha ilikuwa imeegemezwa ukutani: msichana wa shamba kando ya kisima, kofia nyeupe ya kwao kichwani, miguu mitupu, blauzi imemteleza begani hadi titi moja likawa wazi. Mkono wa kushoto Anselme aliuchora umeshika ndoo. Sasa ndoo ilisimama peke yake na mkono ulikuwa tumboni.

Alimwambia Mollard kwamba ni vanishi tu, imevuta rangi. Ulikuwa uongo, na mwenyewe alijua. Vanishi haisogezi vidole. Wakaafikiana: kufikia Jumamosi, picha iliyotengenezwa au fedha.

Alipobaki peke yake hakuthubutu kumtazama yule msichana machoni. Alimfahamu. Soazig Le Goanvic, binti wa mwenye kinu cha maji cha kusagia nafaka huko Lanvarec, mkoa wa Bretagne. Kiangazi kilichopita alimlipa faranga mbili kwa siku ili amchore uso, uso tu, naye alikaa amefunga kola mpaka kooni, mama yake akifuma soksi pembeni. Kisha Anselme akarudi Paris na kufanya kama alivyofundishwa na walimu wake wote: uso huku, kiwiliwili kule, vikiungwa visijulikane. Kiwiliwili kilikuwa cha Zélie, mwanamke wa mjini aliyekaa uchi kwa wachoraji kwa malipo ya saa.

Hakuna aliyeona kiungo. Magazeti yaliichapa picha, na mchuuzi mmoja akalifikisha gazeti Lanvarec. Watu walimtambua Soazig. Aliapa kwamba hakufungua hata kifungo. Nani angemwamini, na titi lile hapo? Mchumba wake akavunja uchumba. Kanisani wanawake wakahama benchi alilokaa. Mwezi wa tatu akaingia bwawa la kinu na nguo zake zote, akafa maji.

Kabla ya hapo padri wa Lanvarec alikuwa amemwandikia Anselme. Aliomba mistari miwili tu: mwili si wa binti huyu. Anselme aliisoma barua, akaikunja, akaitia mtoni.

Siku ya Alhamisi aliurudisha mkono kwenye ndoo. Akaenda kunywa supu ng'ambo ya barabara, akarejea mchana kweupe. Rangi mbichi haikuwa na mkwaruzo hata mmoja, na mkono ulikuwa kifuani. Mahali fulani chumbani maji yalidondoka, tone, kisha tone.

Akajiambia: anaona haya, anataka kujisitiri. Basi akamchorea blauzi nzima, vifungo hadi shingoni, akafanya kazi mpaka jasho likamtoka, karibu afurahi kwa wema wake mwenyewe. Ijumaa asubuhi mkono ulikuwa umepita blauzi. Ulikuwa chini ya kidevu.

Saa sita mama Gaïd, dobi wake, alileta mashati yaliyofuliwa. Alisimama mlangoni, akanusa, akafanya ishara ya msalaba.

"Huyu ni wa kwetu," alisema taratibu. "Kofia hiyo ni ya Lanvarec. Lakini kichwa na mwili si vya mama mmoja, bwana. Umemfanyaje mtoto wa watu?"

Masikio yakamwaka. Anselme alimsimulia yote huku akiangalia sakafu.

"Na barua hukuijibu."

"Sikuijibu."

"Kwa nini?"

Kwa sababu magazeti yalimsifu kuwa ndiye pekee asiyechezea ukweli wa shamba. Mistari miwili tu, na Paris nzima ingemcheka. Alipolitamka hilo kwa sauti alitamani sakafu immeze. Akauliza kama kuna maji ya baraka, kama kuna dua, atalipa chochote.

"Huyu hafukuzwi," mama Gaïd alisema. "Kwetu mtu ukimpakazia, unapanda ukuta wa makaburi baada ya misa, watu wote wakitoka, unasema kwa kinywa chako. Wewe hata karatasi ilikushinda." Akabeba kapu lake, hakungoja ujira.

Anselme akafanya la mwoga. Alichukua kisu cha kukwangulia rangi, kwa kuwa pasipo uso hapana Soazig, akasogea huku harufu ya tope ikimjaa puani na matone yakiharakisha nyuma yake, mbele yake, ndani ya kuta, na alipoinua kisu akauona mkono kwa karibu, nao haukuwa tena mkono laini wa Zélie bali mwekundu, uliopasuka kwa maji ya baridi, tope limejaa chini ya kucha, na kucha hizo zilikuwa zimezama shingoni, pale pale alipounganisha uso na kiwiliwili, zikichimba, zikifumua, hata rangi ikaachana kama ngozi na maji meusi yakamchuruzikia viatuni, wala hakuweza kurudi nyuma kwa sababu macho yale, ambayo wiki nzima alikuwa akiyakwepa, yalikuwa yamemshika.

Kisu kikaanguka. Midomo ya rangi ikafunguka, na sauti haikuwa na hasira wala kilio.

"Jumapili, baada ya misa. Panda ukutani, uwaambie mwili huu si wangu."