Abiria Asiyeulizwa Aendako

Pikipiki ilikuwa imekaa chini upande wa nyuma, kama imepakia mtu.

Spana aliliona jambo hilo asubuhi, alipotoka barazani na kopo la maji ya kutawadhia. Chombo kilikuwa palepale alipokiacha, kimeegemea stendi yake ya ubavuni, kufuli gurudumuni, kiti kitupu. Lakini springi za nyuma zilikuwa zimebonyea, na tairi limejaa ardhini kama la mtu aliyepakia gunia la mahindi. Akakibonyeza kiti kwa kiganja. Hakikushuka zaidi, wala hakikuinuka.

"Uzee," alijisemea, akaenda kuswali, na katika swala yenyewe, Mungu amsamehe, akawa anawaza springi.

Pikipiki hiyo aliinunua kabla hajaoa, nayo ilikuwa tayari imepita mikono mingi. Wenzake kijiweni waliiita Babu, kwa sababu kila asubuhi ilikohoa kwanza ndipo ikaamka. Na yeye jina la Spana alilipata kwayo, maana hakuonekana bila spana mfukoni. Plagi aliipiga brashi ya waya, cheni aliikaza na kuipaka mafuta, kabureta aliifungua na kuipuliza kwa mdomo mpaka mkewe akasema mdomo wa Babu unapata haki kuliko wake. Ndiyo maana safari ndefu alipewa yeye. Pikipiki mpya za vijana zilirudi zimebebwa kwenye gari. Babu alirudi kwa miguu yake mwenyewe.

Baada ya chai alizifungua springi zote mbili, akazisimamisha sakafuni kando ya springi mpya alizoazima kwa fundi jirani. Zililingana kimo. Akazirudisha, akakaza, na pikipiki ikainuka vizuri, mgongo sawa. Akaridhika, akaenda kunawa grisi kwa sabuni na mchanga. Aliporudi alikuta kiti kinashuka. Hakikuanguka, kilishuka taratibu, upande wa kushoto kwanza kisha wa kulia, kama mwanamke anayejiweka sawa na nguo zake kabla ya safari.

Alisimama na mikono inayochuruzika maji. Mkewe alimuuliza kutoka ndani ana nini, akajibu hana kitu.

Kila asubuhi alimpeleka shule binti yake wa pekee, mtoto wa darasa la pili mwenye maneno kuliko umri. Asubuhi iliyofuata, walipofika njiani, mtoto akamgusa ubavuni.

"Baba, sogea mbele."

"Nisogee wapi tena, mama? Nikae juu ya taa?"

"Huku nyuma nimebanwa."

"Umebanwa na nini?"

Mtoto alifikiri kidogo. "Na joto," akasema.

Spana alicheka, akasogea. Kesho yake akasogea tena, na keshokutwa, mpaka tangi likawa linamchoma mapaja, na bado mtoto analalamika.

Kijiweni wenzake waliligeuza mzaha. "Spana, leo umempakia nani? Mbona Babu amekaa kitako?" Alicheka nao. Lakini adhuhuri moja alikuja mshona nguo wa sokoni, mama mzima asiye na utani, akapanda nyuma na furushi lake. Hata Spana hajapiga kiki, yule mama akashuka. Alishuka polepole, huku akiomba radhi, na radhi hiyo hakumwomba Spana.

"Vipi, dada?" Spana akamuuliza.

"Kaka yangu," alisema kwa sauti ya chini, macho yake kwenye kiti, "nimekalia magoti ya mtu."

Wenzake hawakucheka tena. Jioni hiyo walihamishia pikipiki zao upande wa pili wa barabara.

Na jioni hiyohiyo mkewe alimvua mtoto sare ili amwogeshe, akamwita Spana kwa jina alilomwita wakati wa shida tu. "Baba mtu, njoo. Njoo uone."

Mgongo wa mtoto ulikuwa umevimba malengelenge, kuanzia mabega mpaka kiunoni, kama umekandamizwa na kitu cha moto. Mwili ulikuwa na homa. Zahanati muuguzi aliupaka dawa, akawatazama wazazi mmoja baada ya mwingine.

"Mtoto huyu ameunguzwa na nini?"

"Hatujui," mkewe alisema.

"Ekzosi?"

Spana alitikisa kichwa. Ekzosi huunguza shavu la mguu. Hakuna ekzosi inayounguza mgongo. Jicho alilowakata nalo muuguzi lilitosha kuwa kesi na hukumu. Dawa haikushusha homa. Mtoto alilala kifudifudi, akawa hali, na kila malengelenge yalipopasuka mengine yalijaa pembeni yake.

Hapo ndipo Spana alipoanza kuisikia ile harufu. Jua linapozama, injini ikiwa imezimwa na kupoa, ilipenya kutoka barazani: harufu ya oili iliyoungua, na chini ya hiyo oili, ikiwa hafifu lakini ya hakika, harufu ya maziwa ya mama anayenyonyesha. Aliweka sikio mlangoni. Mtu alikuwa akibembeleza huko nje, kwa mguno tu usio na maneno, na katikati ya mguno kulikuwa na kilio chembamba cha kitoto kichanga, kilio cha mtoto aliyelia mpaka sauti imemwisha lakini maumivu bado hayajamwisha.

"Unasikia?" mkewe alinong'ona nyuma yake.

"Nasikia."

"Ni wa nani?"

Spana alifahamu ni wa nani. Aliketi pale sakafuni, mgongo wake mlangoni.

Kesho yake mchana alimsukuma Babu mpaka kwa Shehe Pancha, hakuthubutu kumpanda. Huyu Shehe Pancha alikuwa rika lake, mziba pancha mwenye mafua yasiyokwisha, aliyewahi kusoma chuo cha Kurani akaacha, na watu walimwendea akawasomee wagonjwa wao walipoona aibu kwenda kwa mashehe wakubwa. Aliliminya tairi la nyuma kwa gumba, akainua uso, akafuta pua.

"Upepo umo wa kutosha. Huyu aliyekaa ni mzito kwa huzuni, si kwa mwili. Sema ulichofanya."

Spana akasema. Alikuwa anarudi kutoka safari ya mbali, jua la utosi, akaona oili imekuwa nyeusi kama lami. Oili mpya alikuwa nayo. Fundi yeyote anajua oili humwagwa ikiwa ya moto, maana ndivyo inavyotoka na uchafu wake. Alisimama kwenye gofu la nyumba kando ya barabara, chini ya ukuta uliobaki. Kopo la kukingia alikuwa amelisahau. Chini ya ukuta palikuwa na shimo, akamwegesha Babu juu yake, akafungua bolti ya chini ya injini, akaiacha oili yote ishuke mle ndani ikitoa moshi.

"Ulisema bismillahi?"

"Sikusema."

"Wengi hatusemi," Shehe Pancha alisema. "Tunaikumbuka mezani, wali ukishafika. Halafu?"

"Nikasikia kitu kimelia mle shimoni. Nikadhani paka." Aliigusa spana iliyokuwa mfukoni. "Sikudhani paka, Shehe. Nilijiambia ni paka. Nikafunga bolti haraka nikaondoka."

Shehe Pancha alikitazama kile kiti kitupu kwa muda mrefu, kisha akasogeza kigoda chake mbali nacho kidogo, kwa adabu.

"Majini nao wana watoto," alisema.

"Basi msomee umtoe. Mwanangu anakufa."

"Nimtoe nimpeleke wapi? Wewe kazi yako nini?"

"Unaijua."

"Mtu akipanda nyuma yako, unamuuliza nini?"

Spana alikigeukia kiti.

"Siku zote hizi yuko nyuma yako na mtoto wake aliyeungua. Unampitisha sokoni, unampitisha shule, unamfungulia springi. Umewahi kumuuliza?"

"Anataka kulipiza kisasi, Shehe."

"Hilo silijui, na sitakudanganya, nilisoma kidogo na nusu yake nimesahau. Ila anayelipiza haketi kitini akasubiri. Na mwanao, nionavyo mimi, hajapigwa na mtu. Alikuwa anaegemea kitoto cha moto kila asubuhi."

Alfajiri iliyofuata Spana alisimama kando ya Babu, ulimi mkavu kama msasa, akakiambia kile kiti, "Nisamehe. Unakwenda wapi?"

Mguno wa kubembeleza ulikatika. Kisha kitu chenye joto kilimgusa bega la kulia, mara moja, kama abiria anavyomwonyesha dereva njia.

Mkewe alikuwa mlangoni, kanga mdomoni. "Unamwacha mwanangu katika hali hii, unakwenda safari?"

"Simwachi. Namwondolea."

"Na usiporudi?"

"Mwombee dua," alisema, asiweze kusema ni nani aombewe.

Babu alikohoa, akaamka. Spana aligeuza vioo vyote viwili vitazame chini. Aliguswa kulia akapinda kulia, aliguswa kushoto akapinda kushoto, mpaka nyumba zikaisha, lami ikaisha, ikabaki barabara ya vumbi iliyonyooka kuelekea milima asiyoijua. Aliendesha kama anavyoendeshewa mama aliyetoka kujifungua: mashimo aliyazunguka, breki aliikanyaga kwa unyayo mwepesi, kwenye mwinuko alishusha gia mapema ili chombo kisishtuke. Nyuma yake kitoto kililia. Kwenye kila jiwe kililia. Jua lilipanda, joto la injini likapanda nalo, na joto lile jingine likamfikia mgongoni kupitia shati, akalivumilia, akawa anasema moyoni niunguze mimi, niunguze mimi, na bado barabara ilikuwa haina mwisho, na kilio kikawa chembamba zaidi, kikawa kama mlio wa cheni iliyokauka, kikawa kama pumzi tu, na yeye akaongeza mwendo akaogopa mashimo, akapunguza akaogopa saa, akaongeza tena, midomo ikisoma kila aya aliyowahi kufundishwa na zile alizozikosea akazisoma hivyohivyo na makosa yake, hadi alipogundua kwamba kwa muda sasa amekuwa akisikia injini peke yake.

Mguno wa kubembeleza ulirudi. Uliendelea kidogo juu ya ule ukimya. Kisha nao ukaacha.

Aliguswa mabega yote mawili. Akasimama.

Simu ikaita mfukoni mwa shati. Alikuwa mkewe. Aliiacha iite, na hapo ndipo aliposikia sauti kwa mara ya kwanza, ya chini, ya kawaida kabisa, sauti ya mwanamke aliyechoka.

"Pokea."

Akapokea.

"Homa imeshuka," mkewe alisema, analia na kucheka. "Amekaa. Anasema ana njaa, anataka chai ya maziwa. Baba mtu? Uko wapi? Mbona husemi?"

"Mpe," Spana alisema, akakata.

Hakugeuka. "Dada yangu," alisema.

"Sikupanda kulipiza," sauti ilisema. "Watu wangu wana dawa. Kwao ni mbali, mimi siwezi kufika na mtoto mgonjwa mikononi. Nikasema huyu anabeba watu. Nikapanda. Ukanizungusha mjini."

"Sikujua."

"Ulijua nimekaa."

Ilikuwa kweli.

"Mzike wewe," sauti ilisema. "Mikono yangu imechoka."

Springi zikainuka zote mbili kwa pamoja. Hakukuwa na nyayo vumbini. Lakini Spana alipoinyoosha mikono, bila kujua kwa nini ameinyoosha, uzito ukaja ukalala juu yake, mdogo, wenye vuguvugu, na macho yake yakaona viganja vyake tu, vyenye grisi kwenye kucha.

Akaulaza uzito ule juu ya shati lake alilolivua, akachukua chuma cha kubandulia tairi, akachimba kando ya barabara, ardhi ngumu, jua la utosi, akichota udongo kwa kopo la kukingia oili, ambalo safari hii hakulisahau, na kuurundika pembeni. Akaswali jinsi alivyojua, na pale asipojua akaomba radhi. Kisha akaushusha ule uzito shimoni, akaiacha mikono yake juu yake kitambo, kwa sababu ule uvuguvugu ulikuwa unaondoka polepole kama wa injini iliyozimwa, na hakutaka kumwachia kabla hajapoa.

Akafukia. Alirudisha udongo uleule alioutoa, akaushindilia kwa viganja, akaurudisha mwingine, akaushindilia tena, mpaka shimo likajaa sawa na ardhi.

Udongo ukabaki, kiasi cha nafasi aliyoichukua yule mtoto. Lilikuwa tuta dogo lenye urefu wa mkono wake kutoka kiwiko hadi vidole, na hapakuwa tena na mahali pa kuuweka.