Maboksi Nyuma ya Soko

Sogeeni kidogo, ndugu wasomaji, niwasimulie yaliyomkuta fundi mmoja wa cherehani. Ni mwanamke ambaye hata ninyi mngempenda: mcheshi, mwepesi wa mkono, na suruali aliyoipinda yeye haikufumuka hata mwenyewe akinenepa.

Chumba chake cha kazi kilitazama barabara. Asubuhi za Jumamosi ungemkuta ameinamia cherehani, pini tatu mdomoni, na binti yake wa miaka kumi na mmoja ameketi sakafuni akishona vifungo. Mumewe alikuwa dereva wa malori, mtu wa kuonekana mara chache. Kwenye kikapu cha mabaki ya vitambaa alijikunja Pindo, paka wao wa kijivu. Tangu Pindo aje, hakuna panya aliyethubutu kutoboa nguo ya mteja. Nyumba ilikuwa na amani.

Tatizo ni kwamba Pindo alikuwa hapumziki. Wanawe hawajaacha kunyonya vizuri, tumbo lingine hilo linachomoza. Majirani wote walishapewa paka, wengine wakaanza kuvuka barabara wakimwona fundi anakuja.

"Mpeleke kliniki ya wanyama hapo mtaa wa pili wamfunge kizazi," mteja mmoja alimshauri. "Unampeleka asubuhi, jioni unarudi naye."

"Nitampeleka, dada. Ngoja nimalize hizi sare za shule."

Sare zikaisha, zikaja nguo za harusi. Harusi zikapita, yakaja mapazia ya watu. Sijui wewe unayesoma una "wiki ijayo" ngapi kwako, lakini fundi huyu alikuwa nazo za kutosha kuwagawia wengine.

Basi watoto wa Pindo walipofikisha wiki tatu, fundi alisubiri binti yake aende shule. Alichukua boksi la viatu, akalitandika vitambaa, akawapanga wale watoto ndani na kwenda kuwaacha nyuma ya soko, palipotupwa mboga zilizooza. Aliondoka bila kugeuka. Msidhani alikuwa na roho mbaya. Alijiambia kwamba pale wanapita watu wengi, mwenye huruma hatakosekana.

"Wamepata kwao," alimwambia binti yake. "Mama wa duka la vifaa vya ujenzi kawachukua wote."

Binti alifurahi hadi akaruka. Mama akakanyaga cherehani kwa nguvu. Ikawa hivyo mara tatu.

Mimba iliyofuata ndiyo iliyoleta balaa. Jumamosi moja kulipopambazuka walimkuta Pindo kikapuni anahema, anakaza misuli, kitu hakitoki. Saa mbili zikapita. Ukaanza kutoka uchafu wa kijani kibichi. Binti aliweka sikio karibu na paka, akainua uso uliojaa machozi.

"Mama, anakufa."

Fundi hakuuliza sare wala mapazia. Alitandika boksi haraka, akamlaza Pindo, wakatoka mbio, sindano ikiwa bado imechomekwa kifuani mwa gauni lake.

Kliniki ilikuwa chumba cha mbele chenye viti vya plastiki na mzani sakafuni, na nyuma yake chumba cha upasuaji. Alikuwepo mzee mmoja na mbwa mkubwa aliyevishwa kola pana shingoni. "Kahasiwa jana," mzee alieleza bila kuulizwa. "Tangu jana hanitazami usoni."

Daktari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, alimgusa Pindo tumboni taratibu. "Mtoto amelala kimshazari, ameziba njia. Hawezi kutoka. Lazima nimpasue sasa hivi, na kwa usalama wake nimtoe na kizazi. Mnakubali?"

"Tunakubali, daktari. Fanya haraka."

Daktari alimwinua paka, mara akasita. Alikuwa anatazama vile vitambaa: vya buluu vyenye mistari ya njano, kingo zimekatwa kwa mkasi wa meno wa mafundi.

"Vitambaa hivi navijua," alisema. "Mchuuzi wa mboga ameniletea maboksi matatu kutoka nyuma ya soko, yametandikwa hivihivi. Watoto wa paka kumi na wawili. Niliweza kuwaokoa wawili tu."

Akaingia chumba cha upasuaji, mlango ukafungwa.

Binti alimgeukia mama yake. "Si ulisema wapo kwa mama wa dukani?"

Fundi angeweza kusema vitambaa vinafanana. Uongo huo ulikuwa tayari kwenye ulimi, umepindwa na kupigwa pasi.

"Nilikudanganya," alisema. "Niliwaacha mimi, mwanangu. Mara zote tatu."

Binti alihama kiti, akaenda kukaa karibu na mzee na mbwa wake. Fundi alibaki peke yake na boksi tupu mapajani, na kwa saa nzima mbwa aliguna kila kola yake ilipogonga kiti.

Mlango ulipofunguliwa, daktari alikuwa na jasho kwenye paji la uso.

"Mama mzima," alisema. "Aliyeziba njia tulimkuta ameshakufa. Wawili wanapumua vizuri."

Aliwaonyesha Pindo, bado amelevywa na dawa ya usingizi, tumbo limenyolewa. Fundi aliinama kuutazama mshono kwa jicho la kazi. "Mbona hukukaza uzi?"

"Ngozi huvimba kidogo. Ukikaza, uzi unakata nyama." Daktari alimtazama kwa upole. "Angeletwa akiwa hana mimba, ingekuwa kazi ndogo ya asubuhi moja, bila hatari yote hii. Sasa asirukeruke, asilambe mshono, na baada ya wiki mbili mnirudishie nitoe nyuzi."

Nyumbani, siku nne binti alimjibu mama yake kwa "ndiyo" na "hapana" tu. Siku ya tano fundi alifunga cherehani mchana kweupe na kwenda dukani kwa mama wa vifaa. Alirudi naye.

"Mwanangu, huyu anataka mtoto mmoja wa Pindo wakishaacha kunyonya. Safari hii utaamua wewe. Muulize unachotaka."

Binti alimpima mgeni kuanzia viatu hadi kilemba. "Atalala wapi? Akiumwa utampeleka kwa daktari? Akikua utamfunga kizazi?"

Mama wa dukani alijibu yote, jasho likimtoka kama mtu anayeomba kazi. Alikubaliwa. Wa pili aliwekewa yule mchuuzi wa mboga, naye hakuulizwa swali hata moja.

Fundi alishona shuka kumi za meza ya upasuaji, akazipeleka kliniki siku ya kutoa nyuzi. Binti alimshika Pindo kichwani wakati daktari akikata nyuzi moja moja. Walipotoka nje, binti aliupenyeza mkono wake kwenye mkono wa mama yake.

"Mama, jirani ana mbwa jike ambaye bado hajazaa."

"Twende sasa hivi tukamwambie ampeleke kliniki," alisema fundi, na wakapita mlango wao wenyewe bila kusimama.

FUNZO

Ndugu zangu, mnyama tunayemfuga hana mtu mwingine wa kumsemea. Kumfunga kizazi jike au kumhasi dume, kwa mkono wa daktari na kwa wakati wake, si ukatili. Ukatili ni kuahirisha, kisha kuwatupa watoto wasio na kosa. Na unapoficha kosa lako kwa uongo, anayeumia zaidi ni yule anayekuamini. Ukishakosea, sema kweli, kisha rekebisha kwa mikono yako. Fundi alifanya hivyo, na nyumba yake ikapona.