Senti ya Mnyororo

Wewe unayenibinulia midomo, binua tu, ila usinikatize. Sikukuomba uamini. Nyumba ya Elwood Kutz ipo pale pale njia ya kwenda mji wa Reading, na hakuna anayeipanga hata kwa bei ya bure. Kama ni uongo, kalale humo wewe.

Elwood alikuwa fundi bomba mstaafu, na mapenzi yake yote aliyamwaga kwenye senti za shaba, zile kubwa za zamani zilizopigwa Amerika ikiwa bado changa. Kila asubuhi baada ya kahawa alizipanga mezani jikoni, akazipitishia brashi laini. Kuzipiga brashi ruhusa, kuziosha, mwiko. Kwa wakusanyaji wa sarafu, iliyooshwa ni maiti.

Siku hiyo mkewe, Verna, aliona unywele kwenye brashi. Mrefu, mwekundu kama waya wa shaba. Verna ana mvi tupu, Elwood kipara.

"Mzee, umemleta nani humu?"

"Nani atanitaka na kitambi hiki?" Elwood akacheka, akamsogezea senti aliyoinunua juzi, ya mwaka 1793. "Labda huyu. Huyu msichana aliyechorwa hapa ndiye Uhuru. Ona nywele zilivyomtimka! Magazeti ya enzi hizo yalimcheka, yakasema anaonekana ametishwa. Na huku nyuma, mnyororo, pete kumi na tano, kila jimbo na yake. Watu wakasema ni nuksi, ukaondolewa upesi, likawekwa shada la majani."

"Ametishwa na nini?"

"We mama nawe! Mchoro tu huo."

Basi nywele zikawa zinakuja kila asubuhi. Mkate ukanuka shaba iliyolowa. Mchana kweupe kitu kikaburuzwa ndani ya mabomba, pete kwa pete, Elwood akayafungua yote na asikute kitu. Kisha akaacha kula, akaacha kupepesa macho, na shingoni akaota ukungu wa kijani, kutu ile ile ya shaba.

Verna akamwita Bibi Mamie Rauch, mganga wa maombi ya Kijerumani aliyemtibu surua utotoni. Bibi alinusa mlangoni tu.

"Siki na chumvi," alinong'ona. "Isugue hiyo senti mpaka ing'ae. Aliyemwingia mumeo atatoka."

"Ukiiosha umeniua, Verna," Elwood alisema kitini.

Verna akadhani ni maneno yale yale ya wakusanyaji. Akaitumbukiza senti kwenye bakuli la siki, akasugua, maji yakageuka kijani, harufu ikampanda kichwani, akasugua huku Bibi akiomba na mabomba yakitikisika ukutani na nywele nyekundu zikimzonga vidoleni, akazidi kusugua kwa hasira ya mke wa miaka arobaini na mmoja, mpaka yowe likatoka kitini, akageuka, akaona shavu la mumewe limechunika, jekundu, bichi, upande ule ule alioung'arisha kwenye sarafu.

"Usiache!" Bibi alisema.

"Namuua, Bibi!"

"Ukiacha, huyo aliyemwingia anabaki."

"Na nikimaliza?"

Bibi Mamie akarudia maombi yake. Midomo ilimcheza tu.

Verna akaitoa senti majini. Akaikausha kwa aproni, taratibu, kama anayekausha mtoto. Elwood akanyamaza. Bibi akachukua mkoba wake. "Dawa yangu imeishia hapo, mwanangu," alisema, akaenda zake bila kuaga.

"Elwood," Verna aliita. "Mume wangu. Unanisikia?"

Kinywa cha Elwood kikafunguka, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya msichana.

"Usimwite hivyo. Ana mke mpya."

Verna akamshika mkono. Ulikuwa baridi, mgumu, hata kidole hakikukunjika. Ni macho tu yaliyobaki ya Elwood, na yalikuwa yanamtazama, kisha yanatazama mlango, kisha yeye tena, haraka haraka, yakimsihi aondoke.

Akazima jiko. Akavaa koti. Pete za mnyororo zilianza kugonga sakafu kandokando ya kiti, zikikizunguka, zikikaza. Verna hakugeuka kutazama. Alitoka nje, akafunga mlango.