Uso wa Mtesaji

Watawa waliirudisha picha ile ikiwa imefungwa kwa magunia, na mchukuzi aliyeileta akasema neno moja tu: inavuja.

Gaspare Tesi, aliyeifinyanga, akacheka. Udongo uliokwisha kuiva tanurini utavuja nini? Akaisimamisha ukutani mwa karakana, akafungua magunia, na mkewe Orsola akaona tone la maji likining'inia kwenye kidevu cha mtesaji.

Ilikuwa picha ya udongo wa kuchoma, sura zake zimechomoza kama watu wanaotaka kutoka ukutani. Mtakatifu Apolonia amefungwa kwenye nguzo, kichwa kimevutwa nyuma, malaika wanamiminika juu yake, na mtesaji amemwinamia, koleo limeuma jino. Uso wa mtakatifu, Gaspare aliubuni mwenyewe. Uso wa mtesaji kila mtu wa upande ule wa mfereji aliujua. Ni Taddeo Fava, msokota hariri, na pua yake iliyopinda na kovu lake juu ya nyusi.

Taddeo hakuwa amemtesa mtu. Kosa lake ni kwamba siku moja ya barafu alimpokea Orsola ndoo, wakacheka pamoja kwa kuwa wote wawili waliteleza, na Gaspare alikuwa dirishani. Orsola aliapa kwamba hakukuwa na jambo. Mumewe alikwenda kukanda udongo.

Picha ilipotundikwa kanisani kwa watawa, mtaa ulipata mchezo. "Taddeo, mama mkwe ana jino bovu, lete koleo lako," wanaume walimwambia. Kina mama wakaanza kuwavuta watoto wao akipita. Kwenye kinu cha kusokotea hariri wasichana wakakataa kukaa naye zamu moja, akaachishwa kazi. Kabla ya Pasaka aliopolewa mferejini akiwa maiti, na kwa kuwa alijitupa mwenyewe, akazikwa nje ya ukuta wa makaburi, kama mbwa.

Sasa maji yalidondoka karakana nzima, na kwa maji ikaja harufu. Orsola aliitambua mara moja: harufu ya mfereji chini ya vinu, matope na viwavi vya hariri vilivyochemshwa. Iliingia kwenye mashuka. Iliingia kwenye mkate. Kisha, mchana, ukungu umeukaba mji, wakasikia koleo likifunguka na kujifunga ndani ya karakana isiyo na mtu. Ka. Ka. Ka.

"Ni panya," Gaspare alisema.

"Panya gani ana chuma, mume wangu?"

Siku hiyohiyo, wakila supu ya maharage, Gaspare alitema kitu mezani. Lilikuwa jino, zima, jeupe, bila damu. Orsola alimshika taya akamchungulia, na pale jino lilipotoka palikuwa na tope, tope laini la kijivu la kufinyangia, likifurika polepole kwenye ufizi.

Tangu hapo hawakupata nafuu, maana kila koleo lilipolia jino jingine lilitoka, na kila jino lilipotoka maji yalipanda kwenye sakafu, na Orsola akawa anafuta na kukamua na kufuta tena huku akihisi kwamba nyuma ya mgongo wake yuko mtu amesimama, ananuka mfereji, anapumua kwa kifua kile cha wasokota hariri kilichojaa vumbi, na akigeuka haoni ila ule uso wa udongo, umelowa, unamtazama mumewe.

Wakamwita Padri Celso. Alikuja na maji ya baraka, akafungua kitabu, akaanza kupunga pepo. Gaspare, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda, akainua kichwa. Sauti iliyotoka kinywani mwake haikuwa yake. Ilikuwa ya chini na ilikwaruza.

"Padri. Ulinizika wapi?"

Padri alishusha mkono. Akafunga kitabu, akaondoka bila kuvaa kofia.

Hapo Gaspare alinyakua nyundo akaupiga ule uso. Nyundo ilitua kwenye shavu la udongo, na aliyeanguka chini akilia, taya limevunjika, ni yeye. Uso haukupata hata ufa.

Orsola alijifunga shuka kichwani akaenda kwa Diamante, mama yake Taddeo. Bibi yule alikuwa anasonga ugali wa mahindi. Hakumkaribisha kukaa.

"Mama, nimekuja kukuomba. Mwanao yuko kwetu."

"Najua aliko."

"Anamuua mume wangu."

"Na mumeo alimfanya nini wangu?" Diamante hakuacha kusonga. "Nenda pale mnapofulia, walipomcheka. Useme. Ukishasema, nitakuja."

"Gaspare hawezi tena kusema, mama."

"Wewe una meno."

Orsola alikwenda mahali pa kufulia, wanawake wakiwa wamejaa, mapovu hadi viwikoni, akasimama juu ya jiwe. Alisema Taddeo alimbebea ndoo, basi. Alisema mumewe alimchonga kwa wivu, naye Orsola alijua tangu picha ikiwa mbichi, akanyamaza kwa woga. "Sisi tulimsukuma. Nyinyi na mimi." Nguo zilichukuliwa na maji na hakuna aliyezikimbilia.

Jioni Diamante aliingia karakana. Hakuleta ubani wala kitabu. Alipita ndani ya maji kwa viatu vyake vya mbao, akamruka Gaspare aliyelala chini bila kumtazama, akaweka kiganja kwenye shavu la udongo.

"Taddeo," alisema taratibu. "Baridi hii. Twende nyumbani, mwanangu."

Koleo likanyamaza. Maji yakaanza kunywea kwenye nyufa za sakafu. Diamante akageuka akatoka, na Orsola aliyemshikia mlango akaona kwenye mawe ya barabara nyayo mbili mbili: za viatu vya mbao, na kando yake za miguu mitupu, zimelowa, zikijichora moja baada ya nyingine bila mwenye nazo.

Alimkimbilia hadi kwenye kona.

"Mama. Amesamehe?"

Bibi aliendelea kutembea, mkono wake umeinuliwa kidogo kama wa mtu aliyeshikwa.

"Nimemwita aje kula," alisema. "Kusamehe sijamwambia."