Mnyama wa Kilometa ya Sitini na Moja

Nyati walikuwa bado hawajaonekana, lakini magari yasiyo na dereva yalikwisha kusimama pande zote mbili, yakisubiri. Dakika nne baadaye kundi likachomoza vichakani na kuvuka lami kwa maringo. Kibashiri, mashine iliyoyaongoza magari hayo, hakikosei. Kililishwa kumbukumbu za miaka arobaini ya wanyama waliogongwa, kila mzoga na mahali pake na saa yake, kikajifunza nani atavuka wapi na lini.

Fundi Nakijwa, mhudumu pekee wa kituo cha barabara hiyo porini, hakukipenda. Mumewe, Elinaza, alifia kilometa ya sitini na moja. Alimkwepa twiga, gari likabiringika. Twiga akaenda zake mzima wa afya. Kwa kuwa hapakuwa na mzoga, kibashiri hakikujua lolote, na magari yaliendelea kupita pale kwa kasi ya ajabu. Nakijwa aliwaandikia makao makuu barua tano, akiomba mwendo upunguzwe pale. Hakujibiwa hata moja.

Basi kila siku saa nne asubuhi alisubiri magari yakatike, akavuka, akakaa kwenye jiwe upande wa pili na kumsimulia marehemu habari za kituo. Hakuwa na mwingine wa kumsimulia.

Siku moja akapigiwa simu na Mhandisi Sekwao wa makao makuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Leo mmenikumbuka."

"Kuna jambo linatutatiza. Tangu tukifungie kibashiri vihisi joto mwezi uliopita, kinapunguza mwendo wa magari kilometa ya sitini na moja, mchana kutwa. Kinasema kuna mnyama huvuka hapo kila siku. Yuko peke yake. Hana kundi, hana mtoto, hakimbii. Anakaa robo saa, anarudi. Kama ni binadamu, niambie tuifute hiyo alama ya tahadhari leo hii; mfumo ni wa wanyama tu."

Miaka sita tangu msiba hakuna mtu aliyemuuliza Nakijwa anaishije, na sasa mashine ilikuwa imemsoma yote. Ilimuuma.

"Ni swala," akasema. "Mzee. Mwenzake alikufa hapo."

"Mbona hatuna kumbukumbu ya mzoga?"

"Najua hamna."

"Haya, tumwache. Ila asipoonekana siku saba, alama inafutika yenyewe."

"Ataonekana."

Kesho yake saa nne mvua ilikuwa inamwagika. Nakijwa alijitanda khanga, akashuka barabarani. Gari moja tupu lilikuwa limekwisha kusimama, taa zikiwaka, likimsubiri avuke. Akavuka taratibu. Hakukimbia.