Fomu ya Zahanati

Kila asubuhi Chapchap ndiye aliyekuwa wa kwanza kuoga, wa kwanza kumaliza chai na wa kwanza kufika shuleni. Jina hilo alipewa na bibi yake, naye alilijivunia kupita kiasi.

Mwalimu wa Sayansi alipogawa fomu za nishati, wenzake waliomba wiki moja. Yeye alijipa siku moja. Fomu zilitoka kwa wataalamu waliotaka nchi ipunguze kuchoma mafuta, itumie jua, upepo na maji. Walitaka kujua nani aanze kupewa nini. Kila mwanafunzi alikuwa na mtaa wake wa kuuliza: umeme hukatika mara ngapi, na ukikatika, kinasimama nini?

Chapchap alimaliza nyumba zote. Ikabaki zahanati, juu kabisa kilimani, na jua lilikuwa kali. Akaketi kivulini akaandika: "Umeme haukatiki mara nyingi. Hakuna kinachosimama." Nani angejua? Kesho yake darasa zima lilimpigia makofi.

Baadaye orodha ilibandikwa nje ya ofisi ya mtaa. Paneli za jua zingeanzia sokoni, kisha shuleni. Zahanati ilikuwa ya mwisho. Mwenye neno alipewa mpaka Ijumaa, saa kumi jioni.

Ijumaa hiyo, baada ya chakula cha mchana, mdogo wake alibanwa na pumu. Mama alimbeba mgongoni, akapanda kilima pamoja na Chapchap, karibu wakimbie. Walikuta umeme umekatika tangu asubuhi. Mashine ya kuvutia dawa ilikuwa mezani, kimya. Jenereta haikuwa na mafuta.

"Muuguzi, mwanangu ananiponyoka!" mama alilia.

Muuguzi alitoboa chupa ya plastiki, akachomeka kikopo cha dawa ya kupuliza na kumwekea mtoto mdomoni.

"Vuta, baba. Vuta tena. Dawa yenyewe imebaki kidogo." Kisha akasema kwa uchungu, "Halafu eti sisi ni wa mwisho! Nilimwandalia mtu wa fomu daftari zima la kukatika kwa umeme. Hakuja mtu."

Chapchap alimgeukia mtoto. Midomo ya mdogo wake ilikuwa imebadilika rangi.

"Ni mimi," alisema. "Sikufika. Nilijiandikia tu."

Mama aligeuza uso. Muuguzi alimsukumia daftari. "Saa tisa na nusu. Kimbia!"

Katika ofisi ya mtaa, mtaalamu wa mipango alikuwa akifunga makabrasha. Chapchap alimweleza yote, hakuficha kitu. Mtaalamu akafungua daftari, akahesabu: mara kumi na tisa kwa mwezi mmoja. Akakata mstari, akaandika zahanati juu kabisa, paneli pamoja na betri.

"Soko litasubiri," alisema. "Na fomu zako zote utazirudia, nyumba kwa nyumba, mimi nikiwa nyuma yako. Mwanangu, sisi hatuwezi kufika kila mlango. Tunaona kwa macho yenu. Ukiandika uongo unatufumba macho, na anayeumia ni yule ambaye hata hakujua kuna fomu."

Chapchap alipanda tena kilima, machozi yakimtoka. Mdogo wake alikuwa amelala, kifua kikipiga miluzi, lakini akipumua. Mama alisogea kwenye benchi kumpisha. Chapchap akaketi, akaanza kuhesabu pumzi za mdogo wake, moja moja, bila haraka.