Chini Moto, Juu Baridi

Niambie wewe uliyekaa hapo: umewahi kumwita rafiki yako mjinga, kumbe mjinga ni wewe?

Wakesho amewahi. Ana miaka minane, na bado anajuta.

Wakesho na rafiki yake Mwadime walitaka kutengeneza umeme kwa joto la jiko. Wauonyeshe shuleni.

Shuleni kuna kabati la sayansi. Ndani kuna waya mpya. Ndani kuna kipimajoto. Nje kuna kufuli kubwa kama ngumi ya bondia!

"Msiguse," alisema mwalimu mkuu. Funguo zikalia mkandani, cheng'! cheng'! "Hivyo ni vya wageni."

Wageni gani? Hata buibui wa kabati hilo hajawahi kuwaona.

Basi mjomba Mwakio, fundi wa friji, akawapa vibati viwili vyeupe.

"Sikizeni, maprofesa. Kibati kikipata joto upande huu na baridi upande ule, umeme unatembea. Simpo."

Mwadime akaleta waya za redio mbovu ya babu yake, pamoja na taa yake ndogo nyekundu.

Wakapanga vitu kwa kina Wakesho. Jiko, bati, vibati, sufuria ya maji baridi. Mjomba akapepea mkaa. Fuu! Fuu!

Chini moto, juu baridi,
taa nyekundu ikawaka, waa!

"Yes! Yes!" Mwadime akaruka. "Sisi ni kampuni ya stima!"

Mjomba akarudi kwa friji zake.

Lakini bibi yake Wakesho ana sheria. Jiko likiwaka, lazima kitu kipikwe. Mkaa hauwaki bure!

Wakesho akatoa sufuria ya maji. Akabandika chai pale pale juu ya vibati.

Chai ikapata moto. Taa ikafifia. Taa ikazima. Zii.

"Ni waya zako!" Wakesho akafoka. "Takataka! Na wewe ni mjinga!"

Mwadime akainama. Akafungua waya zake, moja, mbili, tatu. Akaenda kwao. Pa, pa, pa, malapa yake.

Wakesho akamimina chai. Akanywa. Ai! Ikamuunguza ulimi.

Akatazama jiko. Moto. Akatazama sufuria. Moto.

Chini moto, juu moto...
baridi iko wapi?

"Kumbe ni chai yangu," akasema polepole.

Neno limeshatoka. Halichoteki tena, kama maji yaliyomwagika.

Wakesho akakimbia. Mwadime alikuwa ameketi mlangoni kwao.

"Waya zako ni nzima, Mwadime. Nilikosea mimi. Chai yangu ndiyo iliyozima taa, tena imeniunguza ulimi."

"Waya zimelala. Zimechoka kutukanwa."

"Sori."

"Sori haiwashi taa."

"Najua. Nitachota maji baridi. Njoo, tafadhali."

Mwadime akaja. Pa... pa... pa...

Chini moto, juu baridi,
taa nyekundu ikawaka, waa!

"Taa imewaka," Wakesho akanong'ona. "Na lile neno langu?"

"Bado linauma kidogo," Mwadime akasema. "Kama ulimi wako."

Wakesho akasogea karibu. Wakaitazama taa yao mpaka bibi akaita, "Chakula!"

Jumatatu, shule nzima ikapiga makofi. Mwalimu mkuu akapiga kuliko wote.

"Mnataka zawadi gani, wanangu?"

Wakesho akamshika Mwadime mkono.

"Mwalimu, ningekuwa na kipimajoto, ningekiuliza. Nisingemtukana rafiki yangu. Fungua kabati. Leo. Usingoje wageni. Sisi tumeshafika."